Gari la kuvuta boti kubwa huku kwetu lichaguliwe kwa mteremko

Toka nianze kuongea habari za kuleta boti Matema, ufukweni mwa ziwa Nyasa, kila ninayemwambia ananiuliza swali lilelile, gari lina hosipawa ngapi, litaivuta kweli? Na mi nawajibu hivi, kuvuta sio shida. Ukinipa gari lolote lenye injini nzima na barabara tambarare kama ile ya Igurusi kuja Chimala, boti itatembea, itachelewa tu. Shida ya sisi watu wa Mbeya ni kwamba tunakaa juu na ziwa liko chini. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, ziwa Nyasa liko kwenye mita 470 na kitu, halafu ukitoka Uyole hushuki moja kwa moja, unapanda kwanza mpaka Isyonje kwenye ukungu, ndio unaanza kuteremka Kiwira, Tukuyu, Ushirika, kona baada ya kona mpaka unaanza kusikia joto la Kyela. Jumlisha hapo ni zaidi ya kilomita moja nzima ya kwenda chini, na kitu cha tani nne kiko nyuma yako kinakusukuma.

Anayesukuma mkokoteni wa viazi pale Uyole anaelewa hii kitu bila kufundishwa. Kwenye mlima anachoka tu, akishindwa anasimama, anaweka jiwe, anapumua. Kwenye mteremko ndio anaweza kufa. Kwa hiyo msimamo wangu ni huo na sitaubadilisha: gari la kuvuta boti kubwa huku kwetu unalichagua kwa namna linavyoshuka, hosipawa zije baadaye.

Kidogo kuhusu boti yenyewe. Ni faiba ya futi 26, mtumba, iko Dar, tunataka kuileta ziwani sisi wanandugu kwa ajili ya kuzungusha wageni na kuvusha watu kwenda vijiji vya upande wa milima ya Livingstone ambako barabara ni taabu. Muuzaji alipoulizwa uzito akasema tani mbili na kidogo. Hajadanganya kwa maana ya karatasi, maana karatasi ya kiwanda inataja bodi kavu, bila injini, bila mafuta, bila chochote. Lakini barabarani huvuti karatasi. Chukua bodi kilo 2,200. Injini mbili za nje za hosipawa 200 kila moja ina kilo 220 hivi, hapo 440. Tanki la lita 500 likijaa petroli, lita moja ya petroli ni kama kilo 0.74, unaongeza 370. Betri, nanga na mnyororo wake, maboya ya kuokolea, maji, friji ya samaki, kamba, makorokoro yote, weka 250. Boti peke yake imeshafika tani 3.2. Halafu kuna kitu watu wanakisahau kabisa, tela lenyewe! Tela la chuma la ekseli mbili au tatu la kubebea boti ya hivyo halipungui kilo 800, linaenda mpaka 900. Sasa ile tani mbili na kidogo imeshakuwa tani nne na zaidi.

Ndio maana nawaambia wadau kabla hujanunua gari, pima boti. Iweke kwenye tela lake na vitu vyake vyote, ipeleke kwenye mizani yoyote ya magari, hata ile ya wanunuzi wa mazao, pima gari na tela pamoja, halafu pima gari peke yake, toa. Ukishakuwa na namba ya kweli ndio unaanza kuangalia magari.

Na ukianza kuangalia utakutana na namba moja kila mahali, 3,500. Hilux ya 2.8 dizeli, Ford Ranger, Land Cruiser 79, Land Cruiser 200, zote kitabu kinasema kilo 3,500 za tela lenye breki. Wala haijatokea kwa bahati. Kwenye sheria za Ulaya tela la mpaka tani 3.5 linaruhusiwa kutumia breki rahisi za kujisukuma, ukizidi hapo mambo yanabadilika, kwa hiyo viwanda vingi vinaishia kwenye mstari uleule. Na kwa tela lisilo na breki kabisa magari mengi hayo yanaruhusiwa kilo 750 tu, ambayo ni kiboti cha kuvulia, basi.

Sasa boti yetu ya tani nne na ushee tayari imeshazipita pikapu zote hizo. Hapo ndio watu wanapoanza kubishana na mimi, oh kuna mtu alivuta tani tano na Hilux kutoka Tunduma, ilifika. Sawa, ilifika. Ila namba ya kitabu imehesabu chesisi, gia, rejeta, springi za nyuma na breki, vyote kwa pamoja, na kufika mara moja hakuoneshi kwamba breki zilibakiza kiasi gani.

Halafu hata hiyo 3,500 sio yako yote. Kuna namba nyingine kwenye kibati cha gari au kwenye kitabu, GCM, uzito wa gari na tela kwa pamoja, na hiyo ndio inayokata maneno. Tuseme gari GCM yake ni tani 6. Umepakia watu wanne, tanki limejaa, nyuma umeweka vipuri na mabegi, gari lenyewe limeshafika tani 2.9. Umebakiwa na tani 3.1 za kuvuta, hata kama tangazo liliandika 3.5 kwa maandishi makubwa. Na uzito wa pua ya tela pale inapokalia kile kirungu cha kufungia nao unahesabika kama mzigo wa gari. Kwa boti huwa ni asilimia 5 mpaka 10 ya uzito wa tela, kwa hiyo tela la tani 3.5 linaweza kukuwekea kilo 350 nyuma kabisa ya ekseli ya nyuma. Hapo gari linainua pua, tairi za mbele zinapoteza kukanyaga, usukani unakuwa mwepesi. Ukipunguza uzito wa pua kupita kiasi nako tela linaanza kucheza mkia ukifika spidi, na mkia ukishaanza kwenye mteremko ni kazi sana kuutuliza.

Mjomba wangu ameendesha malori barabara ya Zambia miaka mingi, kuanzia enzi ambazo mlima Kitonga ulikuwa unapandwa usiku kwa gia ya kwanza utingo anatembea kwa miguu pembeni ameshika gogo la kukingia tairi. Nilimwendea na orodha yangu ya magari. Hakuiangalia hata.

"Mjomba, hilo gari lina egzosti breki?"

Nikamwambia pikapu hazina.

"Basi usinitajie."

Naomba nieleze kwa nini alisema vile, maana hapa ndio penyewe. Gari tani 3, boti na tela tani 4, jumla tani 7. Kila mita 300 za kimo unazoshuka, nguvu inayotakiwa kumezwa ni sawa na kusimamisha tani hizo 7 kutoka spidi 80 mpaka sifuri mara 12 hivi, kabla hujatoa kile kinachopotelea kwenye upepo na kwenye msuguano wa tairi. Nguvu hiyo haipotei hewani tu, inageuka joto, na kama mguu wako uko kwenye breki joto lote linaingia kwenye diski na ngoma. Pedi zikipata moto sana zinaacha kushika. Mafuta ya breki nayo yanachemka, na hapa kuna jambo ambalo mafundi wengi wa vichochoroni hawaliambii: mafuta ya breki yananyonya unyevu wa hewa. DOT 3, daraja la kawaida la mafuta hayo, ikiwa mpya inachemka kwenye nyuzi 205 au zaidi, ikishanyonya maji kiwango chake ni nyuzi 140 tu. DOT 4 ni 230 na 155. Rungwe ni moja ya sehemu zinazonyeshewa mvua sana nchi hii, gari linakaa kwenye unyevu mwaka mzima, mafuta ya breki hayajabadilishwa toka limeshuka bandarini, halafu unaenda kufunga boti nyuma. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabonyea, pedo inazama mpaka chini na hakuna kitu. Tunasoma kila mara habari za malori kufeli breki Mbalizi kwenye mteremko wa Iwambi au kule Inyala, na wengi tunaishia kumlaumu dereva, wakati mara nyingi kilichotokea ni joto.

Dawa yake ni kuiacha injini ibebe kazi. Unashuka kwa gia ndogo, gia ileile ambayo ungepandia, breki unakanyaga kwa nguvu muda mfupi halafu unaachia, hukanyagi muda wote. Na frii usiweke kabisa, hata kama mafuta yamepanda bei. Ila dizeli yenyewe kwa asili haishiki sana ukiachia mafuta, kwa sababu haina kile kipazia cha kubana hewa kama injini ya petroli, ndio maana malori yamewekewa egzosti breki, inaziba moshi usitoke, injini inajibana, gari linashikika. Isuzu na Fuso zinakuja nayo. Mjomba alichokuwa anauliza kwa maneno machache ni hicho.

Hapo hapo kuna habari ya mwinuko. Injini isiyo na tabo, kile kifaa cha kuisukumia hewa, inapoteza kama asilimia moja ya nguvu kila mita 100 unazopanda, kwa sababu hewa ni nyepesi. Land Cruiser 79 yenye ile injini ya 1HZ ya lita 4.2 isiyo na tabo, gari ninaloliheshimu kuliko magari yote kwa ugumu wake, ina hosipawa 130 hivi usawa wa bahari. Ikifika Mbeya imebaki na kama 108, na Isyonje inapungua tena. Yenye tabo inaathirika kidogo sana, kwa hiyo kama ni pikapu na ni tela lililo chini ya tani 3.5, chukua yenye tabo, Hilux ya 2.8 au 79 ya V8, usiteseke. Na lingine, breki za gari dogo zinasaidiwa na kile kibuyu cha vakyumu, ambacho kinatumia mgandamizo wa hewa ya nje. Huku juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo msaada unapungua, pedo inakuwa ngumu kidogo kuliko ulivyozoea Dar. Sio kubwa, ila ongeza tani nne nyuma uone.

Kuna vijana wananitumia video za Marekani, pikapu moja inavuta boti futi 30 kama haina kitu. Ni kweli, zile Ford F-350 na Ram za dizeli zinavuta zaidi ya tani 5 na zimetengenezwa kwa kazi hiyo. Wenzetu wana kipimo chao cha viwanda, SAE J2807, gari linapandishwa mlima mmoja Arizona unaitwa Davis Dam, kilomita 18 na kitu, kiyoyozi kikiwa kimewashwa mpaka mwisho, na lisishuke chini ya maili 40 kwa saa. Kipimo kizuri, na natamani magari yote yangepitishwa mule. Ila angalia, sehemu yake maarufu ni ya kupanda. Na magari yenyewe yana usukani kushoto, spea zake Mbeya huzipati, ukikatika boriti Kiwira utasubiri meli. Mi kwa huku siyapendekezi.

Sasa kwa tani nne na zaidi unabaki na nini? Lori. Na nikisema lori simaanishi Kenta yoyote, Kenta nyingi ndogo nazo uwezo wake wa kuvuta ni mdogo kuliko watu wanavyodhani, soma kibati chake. Namaanisha daraja la Isuzu FRR au Fuso Fighter, gari la tani kumi na kitu likijaa, lenye egzosti breki na ikiwezekana breki za upepo, ili tela nalo lifungwe breki za upepo. Maana tela la boti la kawaida linakuja na breki za kujisukuma: gari likipunguza mwendo, tela linasukuma mbele, ule msukumo ndio unabana breki zake. Kwenye tambarare ni nzuri na rahisi. Kwenye mteremko mrefu ukishuka kwa gia, tela linakusukuma muda wote, kwa hiyo breki zake zinakuwa zimebana muda wote, unafika Ushirika hab za tairi zinatoa moshi. Breki ambazo dereva anaziamuru mwenyewe kutoka kwenye kiti ni kitu kingine kabisa. Za umeme peke yake kwa boti sizitaki, zinaingia majini kila siku, zinakufa mapema.

Na uzito wa gari la mbele ni usalama wenyewe. Boti tani nne nyuma ya pikapu ya tani mbili na nusu, tela ndio bosi, kwenye kona yenye utelezi litaamua lenyewe mwende wapi. Nyuma ya lori lenye mzigo kidogo, la mbele ndio linaamuru.

Nikisoma historia napata nguvu, maana watu walishafanya haya. Mwaka 1915 Waingereza walitaka kuwapiga Wajerumani ziwa Tanganyika, wakaleta boti mbili za injini, Mimi na Toutou, kila moja futi 40 hivi, kutoka Cape Town kwa treni mpaka Fungurume kule Kongo, halafu wakazivuta porini kuvuka milima ya Mitumba kwa matrekta mawili ya mvuke na ng'ombe wengi. Desemba 26 mwaka huohuo boti hizo zilikuwa ziwani na zikaikamata boti ya Kijerumani, Kingani. Walichagua chombo cha polepole, kizito, chenye nguvu ya kushika. Na meli zetu za hapa, MV Njombe, MV Ruvuma na MV Mbeya II, hazikuvutwa barabarani zikiwa nzima, zilijengwa palepale Itungi, Kyela. Kuna ukubwa ambao jibu sahihi ni kutovuta.

Na hapo ndipo mawazo yangu yalipofikia kuhusu boti yetu. Tulikuwa tunatafuta gari moja la kufanya kila kitu, litoe boti Dar kilomita mia nane na zaidi mpaka Mbeya, lipande Kitonga, lishuke Tukuyu, halafu liishi Matema likiingiza na kutoa boti majini. Hizo ni kazi mbili tofauti. Safari ndefu ni ya mara moja, kwa hiyo tunakodi lobedi, lile lori la tela la chini la kubebea mitambo. Boti inapanda ikiwa juu ya tela lake, inafungwa minyororo, tanki la petroli tupu, vitu vyote vya ndani vinakuja na gari lingine, na kipaa cha kivuli cha juu kinafunguliwa ili kimo kisiguse nyaya. Upana wa futi nane na nusu hauna shida, wenye boti pana zaidi ya hapo waanze mapema mambo ya kibali cha mzigo usio wa kawaida. Lobedi itapita mizani Wenda na Makambako kama wengine, dereva ni mtu wa barabara hiyo, breki za upepo, egzosti breki, mchana tu, Isyonje tukikuta ukungu tunasubiri. Inashusha Kyela.

Kutoka hapo ni tambarare, Kikusya, Ipinda, lami mpaka Matema katikati ya mashamba ya mpunga. Na kwenye mpunga kuna matrekta! Trekta la shamba ndio gari bora la kuingizia boti majini, wala halihitaji kusifiwa: tairi kubwa zinakanyaga mchanga, gia zake fupi, linasukuma tela kwa mwendo wa konokono na linaitoa boti bila kuunguza klachi. Pikapu kwenye mchanga ule wa ufukweni, tairi za nyuma zikilowa na tani nne ziko kwenye maji, utachimba mpaka ekseli ilale. Kukodi trekta kwa saa ni nafuu mno ukilinganisha na kununua gari kubwa la kukaa linaoza ufukweni.

Kwa hiyo pesa ya gari imehamia kwenye tela. Ekseli tatu, tairi za plai 10, waya ya dharura inayokamata breki tela likichomoka, minyororo miwili iliyopishanishwa chini ya pua, beringi za kuweka grisi ya majini. Hizo beringi nimemsisitiza sana fundi. Hab ikiwa ya moto kutoka barabarani ukaizamisha kwenye maji ya baridi, hewa ya ndani inasinyaa na inavuta maji yaingie, safari inayofuata beringi imeshaanza kula kutu. Maji yetu ni baridi, hayana chumvi ya Dar, hilo ni afadhali, lakini maji ni maji. Ukifika ufukweni gusa hab kwa mkono, kama inaunguza kaa, kunywa chai, subiri ipoe ndio uingize.

Mjomba nimempelekea mpango mpya. Ameuliza nani anafunga minyororo kwenye lobedi, nikamwambia wenye gari. Amesema atakuja Dar kuifunga mwenyewe.